Nani Hulitaja Tatizo la Jiji? Fikra, Sera na Siasa za Dar es Salaam

Siasa za jiji huelezwa mara nyingi kwa majina ya viongozi, matokeo ya uchaguzi wa madiwani na mivutano ya vyama ndani ya vikao vya halmashauri, na maelezo ya namna hiyo, ingawa yana ukweli wake, huiacha nje nguvu moja isiyogombea kiti wala kupiga kampeni, nayo ni nguvu ya fikra. Kabla ya bajeti kupitishwa, kabla ya mkandarasi kupewa kazi na kabla ya nyumba kuwekewa alama ya kubomolewa, huwa kuna mtu au taasisi iliyokwisha kuamua tatizo ni lipi, limetokana na nini na nani abebe gharama ya kulitatua. Makala haya yanadai kwamba anayefanikiwa kulitaja tatizo la jiji ndiye anayelishika jiji kwa sehemu kubwa, hata kama hakuchaguliwa na mtu, na kwamba historia ya Dar es Salaam, tangu enzi ya ukoloni hadi leo, inalithibitisha dai hilo kwa mifano ambayo wakazi wake bado wanaishi na matokeo yake.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa kabla ya kuendelea. Fikra, kwa maana inayotumika hapa, ni imani iliyojengeka kuhusu jinsi mji ulivyo na unavyopaswa kuwa: nani ana haki ya kukaa mjini, kazi gani ni halali, barabara ni ya nani na uchafu wa mtaa ni kosa la nani. Mchakato wa sera ni mfuatano wa hatua ambazo kwazo fikra hugeuka kuwa uamuzi wa dola wenye nguvu ya sheria, fedha na watumishi, yaani tatizo hutambuliwa, huingizwa katika ajenda, njia za kulitatua hupendekezwa, mojawapo huchaguliwa, hutekelezwa, na hatimaye hufanyiwa tathmini. Vitabu vya utawala huzipanga hatua hizo katika mstari ulionyooka, lakini mtaalamu wa siasa wa Marekani, John Kingdon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, alionyesha kwamba mambo huenda kwa mikondo mitatu, ambayo ni mkondo wa matatizo, mkondo wa mapendekezo na mkondo wa siasa, na kwamba badiliko kubwa hutokea pale mikondo hiyo inapokutana kwa muda na akapatikana mtu aliye tayari kuitumia nafasi hiyo. Maana yake ni kwamba pendekezo linaweza kukaa kabatini kwa miaka mingi likingoja tatizo la kulihalalisha, na kwamba anayelimiliki pendekezo hilo hana budi kulieleza tatizo kwa namna itakayolifanya pendekezo lake lionekane kuwa jibu pekee.

Fikra ya kwanza kuacha alama ya kudumu katika ramani ya Dar es Salaam ilihusu afya na utengano. Wajerumani walitunga amri ya ujenzi mwaka 1891 iliyotaka nyumba za mtindo wa Ulaya zijengwe katika eneo la pwani lililotengwa, na Waingereza waliowafuata wakaugawa mji katika kanda tatu, ambazo wakazi walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku eneo la Mnazi Mmoja likiachwa wazi ili litenganishe Kariakoo na katikati ya mji. Jambo la kuzingatiwa na kila anayechunguza taratibu za sera ni kwamba kanuni za ujenzi za Waingereza ziliepuka kutaja rangi ya mtu na badala yake zikataja aina ya nyumba, vifaa vya ujenzi na ukubwa wa kiwanja, kwa hiyo ubaguzi ulipitia katika viwango vya kitaalamu ambavyo afisa yeyote angeweza kuvitetea kwa hoja ya kuzuia maradhi. Dola ya kikoloni iliondoka mwaka 1961, lakini viwanja vikubwa vya Oysterbay, vichochoro vya Kariakoo na bei za ardhi katika kila upande vinaendelea kusimulia uamuzi ule. Wataalamu huliita jambo hilo utegemezi wa njia, yaani hali ambapo uamuzi wa awali hufanya maamuzi yanayofuata kuwa rahisi upande mmoja na ghali upande mwingine, kiasi kwamba kizazi kisichoiamini tena fikra ya zamani bado hulazimika kutembea katika njia iliyochongwa nayo.

Baada ya uhuru ilikuja fikra nyingine, yenye nia tofauti kabisa na iliyobeba shauku ya haki, kwamba maendeleo ya nchi yako vijijini na kwamba mji unaweza kugeuka kuwa mnyonyaji wa mkulima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitoa tahadhari hiyo waziwazi, likieleza kwamba mikopo ya kujenga viwanda na huduma za mjini hulipwa kwa jasho la wakulima wanaouza mazao nje ya nchi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wa kimaadili ambao hakuna mtu mwenye haki angeupuuza, lakini ilipoingia katika mchakato wa sera ilikutana na pendekezo la kiutawala lililotokana na ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, na matokeo yake yakawa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Mpango huo ulikusudiwa kuwasogeza watumishi wa serikali kuu karibu na wananchi, ila kwa vitendo ulizifuta mamlaka za mitaa zilizochaguliwa, zikiwamo za miji, na Dar es Salaam ikabaki bila baraza lake. Ukusanyaji wa takataka, uzoaji wa majitaka, matengenezo ya barabara na huduma za zimamoto vilidorora, kipindupindu kikazuka nchini katika miaka hiyo, na serikali yenyewe ikalazimika kuzirejesha halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1978, kabla ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 kuziweka katika msingi unaotumika hadi leo.

Fikra hiyohiyo ya mji kama mzigo ndiyo iliyoongoza sera kuhusu watu wasio na ajira rasmi. Operesheni ya mwaka 1976 ya kumtaka kila mtu afanye kazi, na baadaye Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, zilimtazama kijana anayeuza karanga au kuchoma mahindi barabarani kama nguvu inayopotea, kwa hiyo suluhisho likawa kumkamata na kumsafirisha kwenda shambani. Wengi walirudi mjini muda mfupi baadaye, kwa kuwa kilichowatoa vijijini hakikuwa kimeguswa. Sensa zinaonyesha jinsi sera hiyo ilivyoshindwa kushindana na maisha, kwani mji uliokuwa na watu 272,821 mwaka 1967 ulikuwa mkoa wenye watu 1,360,850 mwaka 1988, ukafikia 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Hata hivyo, fikra hudumu kuliko takwimu zinazoipinga, na dhana kwamba mchuuzi ni tatizo la kuondolewa imekuwa ikirudi kila baada ya miaka kadhaa chini ya majina ya usafi, mpangilio na mandhari ya jiji.

Kuna kipindi ambacho dola ilibadili fikra hiyo kwa ghafla. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho kwa wajasiriamali wadogo, ambao waliuziwa kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na kwa muda huo mchuuzi wa barabarani, maarufu kama machinga, akatambuliwa kuwa mchangiaji wa uchumi mwenye haki ya kutobughudhiwa. Mwaka 2021, chini ya serikali iliyofuata, wachuuzi hao waliondolewa katika hifadhi za barabara na kuelekezwa katika maeneo maalumu, kwa maelezo kwamba waenda kwa miguu, wenye maduka na wenye magari nao wana haki zao. Hoja za pande zote mbili zina msingi, lakini namna maamuzi yalivyofanyika inafundisha zaidi, kwa sababu yote mawili yalishuka kutoka juu, na halmashauri ambazo kisheria ndizo zinazosimamia masoko, minada na ushuru zilibaki kuwa watekelezaji wa fikra iliyokwisha kukamilika mahali pengine. Vilevile sera hiyo ilizaa kile ambacho wataalamu hukiita mrejesho wa sera, yaani hali ambapo sera yenyewe huunda kundi jipya la wenye maslahi: waliolipia kitambulisho walianza kujiona kuwa na mkataba na dola, wakaimarisha jumuiya zao, wakachagua wasemaji na kudai kushirikishwa kabla ya kuhamishwa.

Mrejesho wa sera unaonekana kwa uwazi mkubwa zaidi katika usafiri. Kwa muda mrefu kisheria usafiri wa abiria jijini ulikuwa kazi ya shirika la umma la UDA, kwa fikra kwamba huduma ya msingi isiachwe mikononi mwa wafanyabiashara, lakini uhaba wa fedha za kigeni ulisababisha mabasi kukosa vipuri, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yaliyopewa jina la daladala. Ruhusa hiyo, iliyotolewa kama njia ya kujinusuru na uhaba, ilijenga tabaka zima la wamiliki, madereva, makondakta na wapiga debe, pamoja na utaratibu wa hesabu ya siku ambao humtaka dereva ampelekee tajiri kiasi kilichokubaliwa bila kujali abiria walipatikana au la. Mwendo kasi, kukatisha njia na kumkataa mwanafunzi kituoni ni tabia zinazolaumiwa kama utovu wa nidhamu wa dereva, ilhali kwa sehemu kubwa zinatokana na mpangilio huo wa malipo, na kila kampeni ya usalama inayomwonya dereva na kuusahau mpangilio wa hesabu huwa imelitaja tatizo kwa upande mmoja tu.

Wakati huohuo fikra mpya ilikuwa ikisafiri kutoka Amerika ya Kusini. Jiji la Curitiba nchini Brazil lilianza mwaka 1974 kuyapa mabasi njia zake maalumu, na Bogotá nchini Kolombia ikafungua mfumo wa TransMilenio mwaka 2000 chini ya meya Enrique Peñalosa, ambaye baadaye alizunguka duniani akiutetea mfumo huo kama njia ya haki katika matumizi ya barabara. Dar es Salaam iliupokea mfano huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, maarufu kama DART, ukaundwa mwaka 2007, Benki ya Dunia ikagharimia miundombinu, na mabasi yakaanza kutoa huduma mwezi Mei 2016 katika njia ya awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9 inayoiunganisha Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo. Muda mrefu kati ya wazo na basi la kwanza haukutokana na ugumu wa kumwaga zege peke yake, kwani swali la nani atakuwa mwendeshaji, na wamiliki wa daladala watapata nafasi gani, lilihitaji mazungumzo ambayo ripoti za washauri kutoka nje hazingeweza kuyamaliza. Sera inayosafiri huja na michoro yake, ila haiji na historia ya mahali inakotua, na historia ya usafiri wa Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuumba watu wenye sauti ya kudai fungu lao.

Mfano wa Jangwani unalifanya somo hilo kuwa zito zaidi. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, eneo linalojulikana na kila mkazi kwa mafuriko, na mara kwa mara mvua kubwa zimelifunika eneo hilo, zikasimamisha huduma na kuharibu mali. Katika bonde hilohilo mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 na kuwaacha maelfu bila makazi, serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na kazi na shule zao, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bondeni zikaanza kuwekewa alama nyekundu na kubomolewa kwa kurejelea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Fikra iliyotawala ilikuwa kwamba mafuriko ni kosa la maskini waliojenga mahali pasiporuhusiwa. Fikra hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inayaacha maswali mengine makubwa bila majibu: vilima vya juu vya mto vilivyopoteza uoto kwa ujenzi usiopangwa, takataka ngumu zinazoziba mifereji kwa kuwa hazizolewi, majengo ya taasisi yaliyoruhusiwa ndani ya bonde hilohilo, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979, uliokusudiwa kwa miaka 20, kuendelea kuwa rejea kwa muda mrefu baada ya kupitwa na wakati kwa sababu hakukuwa na mpya ulioidhinishwa.

Mafanikio ya kutia moyo nayo yapo, na mengi kati yake yana sifa moja inayofanana, kwamba wakazi waliingia mapema katika hatua ya kulieleza tatizo. Miaka ya 1970 serikali iliachana kwa sehemu na fikra ya kubomoa makazi holela, ikatumia mkopo wa Benki ya Dunia kupima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuiboresha Manzese pale ilipo, kwa kukubali kwamba nyumba ya maskini ni mtaji alioujenga kwa nguvu zake na si uchafu wa kufagiwa. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walishiriki kuchimba mifereji na kujenga barabara za mtaa wao, na mradi wa jiji endelevu ulioanza mwaka 1992 uliwakutanisha maafisa, wafanyabiashara na wawakilishi wa wananchi katika vikundi kazi vya kuchambua takataka, usafiri na matumizi ya ardhi. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora kwa pamoja ramani za mitaa na mifereji kupitia mradi wa Ramani Huria, na kuanzia mwaka 2018 mipango ya bonde la Msimbazi ilijadiliwa katika mikutano iliyowakutanisha wataalamu na watu wanaoishi ndani ya bonde. Aliyechora ramani ya mfereji unaoziba hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba hauelewi mtaa wake, na taarifa anayoimiliki humpa nafasi katika mkondo wa matatizo ambayo kura peke yake haimpi.

Udhaifu unaobaki ni wa kitaasisi. Mwaka 1996 serikali kuu ililivunja baraza la jiji na kuunda Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja, ambayo ilitambuliwa kwa kuboresha usafi na ukusanyaji wa mapato, lakini iliendesha jiji bila madiwani hadi mwaka 2000. Kisha zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya mwavuli wa halmashauri ya jiji, baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni, na Februari 2021 halmashauri ile ya mwavuli ikavunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuondoa urudufu wa vyombo na gharama zake, nayo ni hoja inayoeleweka, lakini matokeo yake ni kwamba eneo lenye zaidi ya watu milioni 5 halina baraza moja lililochaguliwa kulisimamia kwa ujumla wake, wakati mto Msimbazi, barabara ya Morogoro, dampo la Pugu na msongamano wa magari havijui mipaka ya manispaa. Pale pasipo na chombo cha uwakilishi cha jiji zima, tatizo la jiji zima hutajwa na mkuu wa mkoa, wizara, wakala au mfadhili, na diwani hubaki kulifafanulia kata yake uamuzi ambao hakuufanya.

Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano zinaweka serikali za mitaa kwa madhumuni ya kuwapelekea wananchi madaraka, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi wasikilizwe pale mpango wa eneo lao unapoandaliwa. Haki hizo hazina thamani kama zinatumiwa tu siku ambayo tingatinga limekwisha kufika, kwa sababu hatua ya utekelezaji ndiyo hatua ambayo mengi yamekwisha kuamuliwa na nafasi ya kubadili ni ndogo. Kinachowapasa wakazi wa Dar es Salaam, na wa kila mji wa Afrika Mashariki unaokua kwa kasi kama huo, ni kuhudhuria mkutano wa mtaa wakati mpango ukiwa bado ni rasimu, kumtaka mwenyekiti na diwani waonyeshe maandishi yake, na kuuliza maswali matatu bila kuchoka: tatizo hili limeelezwa na nani, maelezo gani mengine yameachwa nje, na nani atalipa kama maelezo hayo ni ya makosa. Viongozi wanaolitakia jiji mema nao wana wajibu wa kurejesha baraza moja lililochaguliwa la Dar es Salaam nzima, lenye mamlaka halisi juu ya usafiri, mito na matumizi ya ardhi, kwa kuwa jiji linalotawaliwa kwa fikra zisizojadiliwa na wakazi wake litaendelea kuwahamisha watu na kuyaacha matatizo mahali palepale.